Msiite utafiti wa vyombo vya majini anasa

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipokuwa mwanafunzi na sijawahi kukuandikia hata mara moja. Leo nimelazimika, kwa sababu ya ile taarifa ya Jumanne iliyopita kuhusu wanafunzi wanaoomba kujengewa hodhi la kujaribia mifano ya meli hapa Nairobi. Mwandishi wenu aliuliza mji ulio zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini una haja gani na utafiti huo, kisha akauita anasa. Neno hilo limenikera mno, na nimeona nisipolijibu nitakuwa nimewakosea wanafunzi hao na wote niliowafundisha kabla yao.

Kazi hii haihitaji bahari. Hodhi la Mwingereza William Froude, lililoanza kazi huko Torquay mwaka 1872, lilikuwa mtaro mrefu wa maji ulioezekwa paa karibu na nyumba yake mwenyewe. Humo alivuta mifano iliyotengenezwa kwa nta, akapima nguvu inayohitajika kuivuta, na akaonyesha kwamba mawimbi ya mfano hufanana na ya meli yenyewe endapo mwendo utapunguzwa kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa urefu. Chombo cha mita 25 kikichongewa mfano wa mita 1, mwendo hugawanywa kwa 5, kwa hiyo noti 10 (noti ni kipimo cha mwendo wa vyombo vya majini) za ziwani huwa noti 2 hodhini, kiasi cha mita moja kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Msuguano wa maji kwenye ubavu wa chombo haufuati kanuni hiyo, naye Froude alilijua hilo, akaupima kando kwa kuvuta mbao bapa. Hesabu hizi mwanafunzi wa kidato cha nne anaziweza.

Nasema hivyo kwa kuwa nimezifanya. Nilifundisha mekanika katika chuo kimoja cha ufundi hapa Nairobi, na mwaka 2009 mimi na wanafunzi wangu tuliunda hodhi la mabati lenye urefu wa mita 6. Tulichonga mfano kwa mbao ya saiprasi, tukaupaka vanishi mara tatu, tukaufunga uzi uliopita juu ya rimu ya baiskeli na kuning'iniza kopo la kokoto upande wa pili ili liuvute. Siku moja nilimwambia kijana mmoja amwage maji ndani ya mfano, kina cha vidole viwili tu. Ulielea wima, umetulia, na darasa zima likadhani hakuna lililobadilika. Kisha akaugusa ukingoni kwa kidole. Yale maji ya ndani yakakimbilia upande ulioinama, uzito ukahamia huko, na mfano ukapinduka kabla hajaondoa mkono wake. Hakuna aliyecheka. Msichana aliyekuwa ametoka Likoni, Mombasa, alituuliza kama ndivyo vyombo vinavyozama, na nikamwambia kwamba maji yanayocheza ndani ya chombo, na watu wanaokimbilia upande mmoja kwa hofu, hufanya kazi ileile. Kivuko cha Mtongwe, hukohuko Mombasa, kilipopinduka Aprili 29, 1994, watu 272 walikufa, na kilikuwa kimepakia kupita kiasi. Sisi tulikuwa na kifaa cha kumwonyesha mtoto, kwa kidole kimoja, kwa nini idadi ya abiria na mahali wanaposimama si jambo la kubishaniwa na makarani. Niliporudi kutoka likizo ya Desemba nilikuta hodhi halipo. Lilikuwa limekatwa vipande na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na aliyetoa idhini hiyo aliniambia kwamba lilikuwa likichukua nafasi na kwamba, kwa vyovyote vile, Nairobi hakuna meli. Mhariri, maneno hayo ndiyo yaleyale mliyoyachapa Jumanne, na miaka yote hii nilidhani nimeyasamehe.

Kwa kuwa nimeshika kalamu, niseme na la lugha. Taarifa hiyo iliandika "noti 12 kwa saa". Noti ni maili moja ya bahari kwa saa, yaani kilomita 1.852 kwa saa, kwa hiyo saa imo tayari ndani ya neno. Vilevile mliita "nyambizi", yaani chombo kinachobeba watu chini ya maji, kile chombo kidogo kisicho na mtu kinachoongozwa kwa waya, na kosa hilo si dogo. Mwaka 2019, gari lililokuwa na mama na mwanawe lilipoteleza kutoka kwenye kivuko Likoni, msako ulianza Septemba 29 na gari likaopolewa Oktoba 11, kutoka kina cha takriban mita 58. Chombo kidogo kisicho na mtu kikisaka mahali kama hapo hupambana na mkondo wa maji: mkondo ukiongezeka maradufu, nguvu inayokisukuma huongezeka mara nne, na injini inayotaka kwenda mbele kwa kasi maradufu huhitaji uwezo wa mara nane. Anayejua hivyo huchonga umbo jembamba kabla ya kununua injini kubwa. Msomaji asiyeelezwa tofauti ya vyombo hivi hawezi kuelewa kwa nini familia hiyo ilingoja siku zote hizo ufukweni.

Ninachopendekeza kinawezekana. Wanafunzi wapewe hodhi la zege lenye urefu wa mita 12, upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 75, lijazwe hadi sentimita 60, na lifunikwe kwa vifuniko vya mbao ili mbu wasizaliane. Maji ya mvua kutoka paa la karakana yatatosha kulijaza, hivyo mgao wa maji usiwe kisingizio. Mfano wa kwanza uwe wa kivuko kinachobeba watu leo, si cha kubuni, na siku ya kuupindua waalikwe manahodha na makarani wa tiketi, pamoja na mwandishi wenu. Ufunguo wa karakana ubaki kwa mwalimu wa somo, usiwekwe stoo.

Mwalimu mstaafu,
Nairobi