Mzee kanunuliwa protini, ndoo hagusi

Mhariri naomba nafasi kidogo. Hii biashara ya virutubisho vya wazee imeshamiri kweli, poda za protini, kreatini inayouzwa kwa ajili ya misuli, vidonge vya vitamini D, mpaka kwenye magrupu ya wasapu ya ukoo zinauzwa, na sisi watoto tunachanga tunanunua tukijua tunamtunza mzee. Alafu huyohuyo mzee ndo hatakiwi kuinua hata ndoo nusu! Akitaka kunyanyuka, "baba kaa, nakuletea". Chai analetewa, redio anawashiwa, maji ya kuoga anapelekewa. Sasa hiyo misuli itajengwa na nini jamani?

Na hili lilishapimwa zamani. Mwaka 1994 daktari Maria Fiatarone na wenzake walitoa utafiti wa wazee 100 dhaifu kwenye makao ya wazee kule Boston, Marekani, wastani wao miaka 87. Wengine walifanyishwa mazoezi mazito ya miguu wiki 10, wengine wakapewa kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili. Waliofanya mazoezi nguvu zao zilipanda asilimia 113, yaani zaidi ya mara mbili ya mwanzo, wasiofanya wakapanda asilimia 3 tu. Kinywaji peke yake hakikuongeza nguvu, na kilichonishangaza mimi, walioongeza kula kwa kiasi cha maana ni wale waliokunywa hicho kinywaji na mazoezi wakafanya.

Sisemi poda ni utapeli. Mzee anahitaji protini kama gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili, wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72 kwa siku, na yai moja lina kama 6 tu, kwahiyo anayeshindia chai ya rangi na andazi hafiki hata nusu. Dagaa, maharage, maziwa na mayai vikishindikana ndo kopo lina kazi. Kreatini nayo inasaidia kidogo ila kwa anayefanya mazoezi, na vitamini D kwa aliyepungukiwa. Mwenye shida ya figo asiguse kopo kabla ya kumuuliza daktari.

Jimu wala haihitajiki. Kiti kigumu cha kulia chakula, kiegemeze ukutani kisiteleze, mzee akae mikono kaikunja kifuani, ainuke bila kujisukuma, ashuke taratibu asijibwage, mara nane hivi, apumzike, arudie. Mwanzoni asimamiwe, na akishindwa ashike meza. Ikishakuwa rahisi akumbatie dumu dogo la maji maana misuli isipolemewa haiongezeki, hapo ndo wengi wanapokwama, wanarudia kilekile miezi na miezi.

Kliniki ninayompeleka mzazi wangu wanapima presha, sukari, uzito, basi. Hakuna anayemwambia hebu inuka hapo bila kushika nikuone, na ni sekunde chache tu. Na nyie wa magazeti mkipokea tangazo la hayo makopo, wekeni na picha ya hilo zoezi la kiti pembeni yake.

Msomaji wenu, Tanga