Nitafutie klarineti

Ndugu yangu Shaibu,

Assalaam aleikum. Habari za Hamburg, shemeji na watoto hawajambo? Huku wazima, ila Mzee Kondo miguu bado inamsumbua. Nakuandikia kwa haraka, nina ombi zito.

Desemba nastaafu bendi. Klarineti ninayoipuliza ni mali ya serikali, inarudi stoo. Nililijua hilo tangu nilipokabidhiwa, lakini juzi mtunza stoo alipokuja na daftari lake kuhakiki namba iliyochongwa kwenye mbao, nilishindwa kumtazama usoni. Gumba langu la kulia lina sugu, pale linapobeba uzito wake. Sasa sugu hili nilipeleke wapi?

Huko najua vyombo vilivyotumika vinauzwa. Nitafutie ya sauti ya B flati. Nitatanguliza chochote kupitia Mama Zuhura, kiinua mgongo kikitoka namalizia. Ila uwe macho: Wajerumani wana mfumo wao wa funguo, wa Oehler, mpangilio wa vidole si kama wetu, na ridi, kile kibapa cha mdomoni kinachotetema, wengi huifunga kwa uzi. Mimi nataka ya mfumo wetu, wa Boehm. Hesabu funguo 17 na pete 6 za kwenye matundu. Kisha kigeuze kipande cha juu kwenye mwanga ukague nyufa, hasa kuzunguka matundu. Ya plastiki usichukue, hata wakikuapia kwamba haipasuki. Nataka mpingo. Mti unakatwa kwetu Kilwa, unavuka bahari kwenda kuchongwa, halafu mtu wa Kilwa aununue kwa yuro! Linaniuma sana, Shaibu, lakini uzito ninaoujua mkononi ni huo.

Wewe ulikuwepo nilipoanza. Noti ndefu kila alfajiri, Afande amesimama mbele, mashavu yasivimbe. Halafu kutoka ile noti ya A kwenda B! Vidole vilikuwa juu karibu vyote, ghafla vishuke vyote pamoja, tundu moja likivuja sauti inapasuka. Wenzetu wa saksafoni wakibonyeza ufunguo wa gumba sauti inapanda noti 8, vidole vilevile. Yetu inapanda 12, kwa hiyo juu unajifunza vidole upya. Siku nilipovuka bila kupasua, Afande hakusema neno, alifungua ukurasa unaofuata tu. Sijapata sifa kubwa kuliko ile.

Mpaka leo noti ndefu ndiyo kazi yangu ya kwanza kabla ya chai. Nikifikiria Januari, asubuhi, mikono mitupu... basi, tuliache.

Bei huko zikoje? Kuna fundi mwaminifu wa kubadilisha pedi za funguo na koki za maungio kabla haijasafiri? Nani anakuja Dar kabla ya Ramadhani, aibebe mkononi, isitupwe kwenye mizigo? Na wewe tromboni yako bado unaipuliza, au majirani wamekukataza? Nijibu wiki hii, tafadhali, hata kwa mistari miwili.

Nduguyo,
Hamisi