Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa. Yah: Kufuli la choo

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Mwenyekiti wa kamati ya shule alinishauri nianze na "Mheshimiwa", eti barua isiyoanza hivyo huwekwa chini ya nyingine. Mbili za kwanza nilianza hivyo hivyo. Zina mhuri wa masjala yako, moja ya tarehe 12 Mei, nyingine ya tarehe 21 Julai. Nakala ninazo kwenye bahasha ya kaki na majibu sina. Kwa hiyo leo nakuita Ndugu, na barua yenyewe naiacha wazi aisome kila mwenye macho. Pengine mmoja wao ana namba yako.

Mimi ni mzazi katika shule moja ya msingi iliyo ndani ya eneo lako hapa Dar es Salaam. Jina la shule silitaji, maana mwalimu mkuu ni mtu mwema na naye ana watoto wa kusomesha. Wewe unaijua. Ulikuja Februari kwenye mkutano wa wazazi, ukakaa chini ya turubai, kisha ukasimama mbele ya jengo jipya la vyoo ukatuambia Pasaka haitapita watoto wetu hawajaanza kulitumia. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wengi, na sababu nitaisema hapa chini.

Pasaka ilipita. Sabasaba ikapita, Nanenane ikapita, na Maulidi juzi hapa imepita. Jengo limefungwa kufuli.

Jumanne ya wiki iliyopita, tarehe 16, nilikuwa karakana nachomelea dirisha la mtu nikamwona binti yangu anakuja kwa miguu. Yuko darasa la nne, ana miaka kumi. Nyumbani na shule kuna daladala, nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200 na asubuhi nilimpa. Sweta alikuwa amelifunga kiunoni, na jua lile la saa saba unalijua. Nikamuuliza mbona hakupanda gari. Akanyamaza. Akapita hadi nyuma ya karakana, kwenye ndoo ya maji tunayopozea vyuma, akasimama pale akiwa amenipa mgongo. Sketi ilikuwa imelowa ikakauka, ikabaki na alama nyeupe ya chumvi kwenye bluu.

Hakunieleza mimi. Alimweleza mama yake usiku. Mapumziko ya saa nne alipanga foleni ya choo mpaka kengele ikalia akiwa bado yuko katikati. Mwalimu wa zamu na fimbo yake akawarudisha wote darasani. Saa sita akaomba ruhusa, akaambiwa mapumziko yalikuwa ya nini. Darasa lao lina watoto 142, mwalimu akianza kuruhusu mmoja wanasimama kumi, kwa hiyo simlaumu sana. Akajibana. Akashindwa. Dawati moja wanakaa wanne, na hao watatu waliokuwa naye walisimama wote kwa pamoja.

Mwalimu akisimama mbele ya watoto 142, wangapi wanamsikia? Siku nyingine nitauliza hilo. Leo nimekuja na choo.

Nikufanyie hesabu, maana sisi mafundi tunaishi kwa futi kamba. Shule ina wasichana 1,104. Choo chao cha zamani kina matundu sita, mawili yameziba tangu masika, yamebaki manne. Mapumziko ni nusu saa. Tuseme kila mtoto atumie dakika moja tu, pamoja na kufunga mlango, ingawa kati ya matundu hayo manne lenye mlango ni moja tu na kwenye mengine wanashikiana kanga. Kwa nusu saa wanaingia watoto 120. Waliobaki ni 984. Hao wanafanyaje, Ndugu Mkurugenzi? Kiwango cha serikali, ambacho naamini kimebandikwa hata ofisini kwako, ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Sisi tuna tundu moja kwa wasichana 276.

Wanachofanya nakijua sasa. Hawanywi maji. Kila asubuhi mama yake humwekea chupa ya nusu lita kwenye begi, na kila jioni chupa inarudi imejaa. Tulikuwa tunamgombeza, tukisema huyu mtoto mvivu hata wa kunywa maji. Mwaka huu tumempeleka zahanati mara mbili kwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, na mara ya pili dawa na vipimo vilinitoka shilingi 23,000. Mganga akatuambia mtoto anywe maji mengi. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Anajua mwenyewe kwa nini hanywi, na sisi tulio wazazi wake hatukujua.

Sasa nikuambie kwa nini nilipiga makofi Februari.

Geti la jengo lile nimelichomelea mimi.

Kazi ilikuwa ya force akaunti, yaani bila mkandarasi, kamati ya shule ikatafuta mafundi wa mtaani, na mimi nikapata geti, milango na nondo za madirisha. Nililipwa kazi yangu yote. Simdai mtu hata senti tano, nalisema mapema ili pasitokee mtu wa kusema fundi anaandika kwa sababu ya deni. Milango ni 16, nane upande wa wasichana na nane wa wavulana, yote ya skwea paipu na bati zito. Nilipiga redoksaidi, ile ya kuzuia kutu, mikono miwili kabla ya rangi, ingawa mkataba ulisema mmoja, kwa sababu nilijua anayekuja kuufunga mlango ule ni mwanangu. Kila mlango una komeo ndani, nikaliweka chini kidogo ili hata wa darasa la kwanza alifikie. Kuna tangi la lita 5,000, sinki za kunawia, na chumba cha wasichana wakubwa kujisitiri wakiwa kwenye siku zao. Lile sikio linaloshika kufuli kwenye geti nililikata mwenyewe kwa grenda. Sikujua namtengenezea nani kizuizi.

Tumeuliza kwa nini halifunguliwi, na majibu tuliyopata yangetosha kuezeka darasa. Mwalimu mkuu alisema yeye ni mtumishi, akifungua bila maelekezo atajieleza. Afisa elimu wa kata akasema suala liko ngazi ya juu. Mtendaji akasema andika barua, na barua nimekwisha kusema zilikofikia. Diwani yuko kwenye kampeni. Anapita mtaani na gari la muziki na kutupungia mkono, nasi tunampungia.

Mtaani wanasema lao. Wapo wanaosema mlikuwa mnasubiri Mwenge uje uzindue. Mwenge ulikuja wilayani kwetu ukapita barabara nyingine, hivyo huenda mnasubiri wa mwakani. Wapo wanaosema mnasubiri uchaguzi uishe ili apatikane wa kukata utepe. Wengine wanasema kuna karatasi ya makabidhiano haijasainiwa kwa sababu bati za jengo zilibadilishwa rangi, nilizoziona mimi ni za bluu na sijui kwenye mchoro zilikuwa za rangi gani. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu tuvute subira, labda ni maji hayajaunganishwa, labda shimo lina kasoro, wataalamu wanajua zaidi yetu.

Subira hiyo iliniishia tarehe 10 na 11 mwezi huu. Zile siku mbili za mtihani wa darasa la saba, kufuli lilifunguliwa. Wasimamizi wa mtihani walitumia vyoo, askari wa ulinzi alitumia, maji yalitoka, sinki zilitoka maji, hakuna kilichoziba wala kuporomoka. Tarehe 11 alasiri wageni wakaondoka na bahasha zao za mitihani, kufuli likarudi mahali pake. Siku tano baadaye binti yangu akaja karakana na sweta kiunoni.

Kumbe choo ni kizima. Kumbe kinachokosekana ni mgeni.

Nisieleweke vibaya. Naishukuru serikali kwa mengi. Mwanangu mkubwa aliingia darasa la kwanza Januari 2016, mwaka ule ule elimu bila malipo ilipoanza mpaka kidato cha nne, nami niliyezoea kufukuzwa shule kwa ajili ya ada niliona ni muujiza. Najua pia hela anayopangiwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na inayofika shuleni ni 6,000, nyingine hubaki huko juu kwa ajili ya vitabu. Hiyo 6,000 ni mia tano kwa mwezi. Haifiki hata nauli ya daladala ya mtu mzima, ya kwenda tu. Mwalimu mkuu anaendesha shule kwa mia tano, na ndiyo maana sisi wazazi huwa hatupigi kelele tukiombwa hela ya mlinzi, hela ya mtihani wa Ijumaa, rimu, chelewa na kidumu cha maji, ingawa michango ilikatazwa na Rais mwenyewe pale Ikulu Januari 2018. Tunatoa kimya kimya kama wezi. Lakini hapa sikuombi hela. Hela imekwisha kutumika. Mimi mwenyewe nililipwa sehemu yake.

Na usiniambie haiwezekani kwa haraka. Mwaka huo huo wa 2016, Rais Magufuli alipoagiza kila mtoto awe na dawati mpaka tarehe 30 Juni, mafundi wa mji huu hatukulala. Karakana yangu ilichomelea miguu ya madawati usiku na mchana, kuna siku nilikwenda nyumbani macho yamevimba kwa mwanga wa moto, mke wangu akanikanda kwa viazi mbatata vilivyokunwa. Wakurugenzi wa wakati huo walikuwa wanatupigia simu wenyewe, saa tano za usiku. Agizo lilikuwa na tarehe, na mtu alikuwa anaogopa tarehe ile. Pasaka yako nadhani ilikuwa tarehe isiyomtisha mtu.

Nilikaa na wazazi wenzangu tukaandika orodha ya madai ya kukuletea. Ilikuwa ndefu. Walimu, kwa kuwa watoto 142 wanapaswa kuwa madarasa matatu na ziada, kiwango kikiwa 45. Uzio, kwa sababu bodaboda wanakatiza uwanjani. Kivuko cha barabara kuu. Vitabu, kwa kuwa kimoja kinasomwa na watoto saba. Na huko mbele, kwa mtaala mpya unaoishia la sita, darasa la binti yangu litamaliza la sita mwaka 2027 pamoja na wanaowatangulia watakaokuwa la saba, na 2028 wote watagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa mpigo. Sijui kama mmeanza kujenga. Yote hayo nimeyafuta. Nimeona nikikuletea kumi utachagua lililo jepesi kutolea ahadi.

Naomba kufuli lifunguliwe.

Mimi nina grenda. Kufuli lile ni la saizi ya kati, la kichina, sikio lake nimekwisha kukuambia nani alilikata. Kazi yote si zaidi ya dakika mbili, na cheche zake wala zisingefika darasani. Ijumaa jioni nilikwenda mpaka pale getini na mashine ndani ya mfuko wa salfeti. Mlinzi, tunayemlipa sisi kwa ile michango isiyokuwepo, aliniangalia, akaangalia mfuko, akasema, "Fundi, mimi nakwenda kuchota maji." Akaondoka. Nikasimama nikiwa nimeushika mlango wangu mwenyewe. Nikarudi nyumbani. Nilifikiri binti yangu akiniuliza nimjibuje, kwamba baba alivunja mali ya shule? Mali aliyoitengeneza?

Leo ni siku ya sita binti yangu hajaenda shule. Mwezi ujao anatakiwa kukaa kwenye upimaji wa darasa la nne. Mwalimu wake wa darasa alikuja nyumbani jana kwa nauli yake, akakaa naye uani, akamwahidi kwamba hatamnyima tena ruhusa. Mtoto akamuuliza, "Nikiruhusiwa naenda wapi, mwalimu?" Mwalimu akakosa la kusema. Akanywa chai, akaaga.

Ndugu Mkurugenzi, huhitaji kuja. Huhitaji turubai, wala gari la matangazo, wala utepe, ingawa ukitaka utepe nitanunua mimi. Ufunguo uko shuleni, droo ya pili ya meza ya mwalimu mkuu, umefungwa kamba ya manila ya bluu. Mpigie simu. Hata kama ni usiku, atakwenda kufungua kabla hujakata.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, fundi wa kuchomelea
Dar es Salaam, 24 Septemba 2025