Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Lamu: masikio yanayoitwa mazima

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Wako watu hapa Amu, mji wa Lamu, wanaopoteza usikivu mwaka baada ya mwaka, na kila anayewachungulia masikio huwaambia hawana neno. Dadangu ni mmoja wao.

Zahanati moja ilimmulika kwa tochi, ikasema kiwambo, ile ngozi nyembamba ndani ya sikio, ni kisafi, ikampa dawa ya matone. Aliporudi akapewa matone mengine. Hakuna aliyeuliza kama kuna mwingine asiyesikia katika ukoo, na angeuliza angeambiwa habari za bibi yetu. Mpaka alipopimwa kwa mashine Mombasa ndipo ikajulikana ana otosklerosisi.

Nyuma ya kiwambo mna vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, vinavyopokezana mtikisiko wa sauti. Kikuku ndicho kidogo kuliko mifupa yote ya mwili, kama milimita 3 tu. Katika maradhi haya mfupa unaokizunguka hujijenga upya ovyo, ukakibana kama mlango uliovimba kwa mvua za masika, kikashindwa kucheza. Kiwambo chenyewe hakiguswi, kwa hivyo tochi haitaonyesha kitu hata ukimulika kutwa. Kwa wengine maradhi husogea hadi sikio la ndani, na uziwi ukazidi.

Dalili zake humponza mgonjwa. Dada husema kwa sauti ya chini, maana sauti yake humfikia kupitia mifupa ya kichwa, akaiona kubwa. Tena ndani ya boti ya Mokowe, injini ikinguruma, huwajibu watu vizuri kuliko sebuleni. Basi watu wakasema anajifanya, husikia akitaka. Wallahi hajifanyi! Penye kelele sisi ndio tunaopaza sauti, na mngurumo ule unaotuziba sisi yeye humfikia kidogo. Kukiwa kimya masikio yake huvuma, na hilo hakuna anayelisikia ila yeye.

Maradhi haya mara nyingi huanza mtu akiwa na umri wa miaka 20 hadi 40, na wanawake huyapata karibu mara mbili ya wanaume. Wengi husema yaliwazidi baada ya kujifungua, ingawa wataalamu bado wanabishana juu ya hilo.

Najua utaambiwa ni maradhi ya nadra kwa Waafrika weusi kuliko kwa Wazungu. Ni kweli. Lakini Lamu ni mji wa damu zilizochanganyika kwa karne nyingi, na isitoshe, kipimo ninachokiomba hakifichui maradhi haya peke yake.

Nacho ni uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili kinachogongwa kikalia. Hakitaki umeme. Mpimaji hukikalisha kwenye mfupa nyuma ya sikio, kisha hukisogeza mbele ya tundu. Mwenye sikio zima husikia zaidi mbele. Akisikia zaidi nyuma, sauti imezuiwa njiani: huenda ni kikuku, huenda ni maji nyuma ya kiwambo, huenda ni nta iliyojaa. Vyovyote iwavyo, huyo si wa kupewa matone na kuambiwa nenda nyumbani.

Chumba cha upasuaji sikiombi. Tangu daktari John Shea wa Memphis, Marekani, alipotoa kikuku na kutia cha bandia mwaka 1956, upasuaji huu umewarudishia wengi usikivu, ila kwa karibu mmoja kati ya 100 huweza kuliua kabisa sikio lililopasuliwa. Hiyo ni kazi ya mkono uliozoea, na waliozoea wako mbali na hapa. Asiyetaka kisu huvaa kifaa cha kusikia, nacho humfaa vizuri.

Ninachoomba ni hiki: uma wa sauti katika kila zahanati, Amu, Faza, Mpeketoni, Witu mpaka Kiunga, na matabibu wafundishwe kuutumia. Mashine moja ya kupima usikivu, na chumba kisichopenya kelele, ili mtu asifunge safari ya Mombasa kwenda kubonyeza kitufe tu. Na utueleze hadharani SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, inalipa nini kwa vifaa vya kusikia, maana hapa kila mtu ana jibu lake.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Tunaomba jibu kabla bajeti haijafungwa, na liwe la maandishi, kwa sababu wanaolingojea ni watu wasiosikia redio.

Wako,
Mkazi wa Langoni, Amu