Kabla Hujafunga Turbo Kwenye Land Cruiser Yako

Wengi wanaokuja gereji kwetu hapa Kigoma kuulizia turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa, wana Land Cruiser ya injini ya 1HZ, na kilio chao ni kimoja: gari likishapakiwa, ukitoka Mwandiga kupanda Manyovu linaishiwa nguvu, unarudi gia ya pili huku Fuso zinakupita.

Kilio hicho ni cha kweli. 1HZ ni injini ya lita 4.2, silinda sita, na hewa inaivuta yenyewe bila kusukumiwa. Hewa nayo huwa nyepesi kadiri unavyopanda, takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Ziwa letu lenyewe, Tanganyika, liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata ukiwa umekaa Ujiji unakula migebuka, injini yako tayari inanyimwa sehemu ya hewa ambayo ingeipata Dar es Salaam. Tabora, kwenye mita kama 1,200, hali ni ngumu zaidi. Turbo inaziba pengo hilo, tena vizuri.

Lakini hatufungi turbo kwenye injini mgonjwa. Kwanza tunaangalia filta ya hewa, maana vumbi la kiangazi huku halina huruma, kisha nozeli zinazopuliza dizeli, kisha tunapima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Injini ikiwa inanguruma, fungua mfuniko wa kujazia oili: moshi ukipiga kwa nguvu mkononi, ringi za pistoni zimechoka, na pesa ya turbo ni bora iende huko. Kuna magari yaliyopata nguvu kwa kubadilishiwa filta na kupimwa nozeli tu, mwenyewe akaondoka na hela yake ya turbo mfukoni.

Injini ikiwa nzima, swali ni turbo ya ukubwa gani. Vijana wanapenda kubwa kwa sababu inapiga mluzi. Kwa gari la mzigo hiyo ni hasara: turbo kubwa huchelewa kuamka, na mlimani unahitaji nguvu kuanzia mizunguko 1,500 kwa dakika, si 3,000. Chukua ndogo inayojaza mapema. Turbo ya CT26 ya mtumba, ile iliyokuwa kwenye 1HD-T, injini nyingine ya Land Cruiser, inafaa, ila ishike shafti kabla ya kulipa. Kucheza kidogo sana pembeni ni kawaida. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamegusa kuta, irudishe kwa muuzaji.

Presha ya hewa ya turbo tunaiacha psi 7 au 8. Mgandamizo wa 1HZ, yaani inavyoibana hewa ndani ya silinda, unazidi 22 kwa 1, wakati 1HD-T, iliyozaliwa na turbo, ina 18.6 kwa 1. Ukiijazia 1HZ presha kubwa, gasketi ya silinda hedi ndiyo itakayokujibu.

Sasa pampu ya dizeli, na hapa ndipo magari mengi yanapoulia. Hewa ikiongezeka bila mafuta, nguvu unayoipata ni kidogo, kwa hiyo fundi anakaza skrubu ya mafuta nyuma ya pampu. Anakaza, gari linakimbia, mteja anacheka, anakaza tena. Tofauti na petroli, kwenye dizeli mafuta yakizidi hewa ndipo joto linapopanda, na ule moshi mweusi ambao wengine wanauona ni sifa ni dalili kwamba mafuta yamezidi na pistoni ziko hatarini kuungua. Ndiyo maana hatufungi turbo bila geji ya joto la moshi. Tunatoboa menifoldi ya eksozi kabla ya turbo, tunaweka kipimo, tunapakia gari mzigo na kupanda nalo mlima mrefu. Skrubu inazungushwa kidogo kidogo, na sindano ya geji ikielekea nyuzi 650 za Selsiasi tunaishia hapo. Gari tupu kwenye lami ya mjini halitakuambia chochote. Mteja asiyetaka geji tunamshauri akafunge kwingine, na hatusemi hivyo kwa hasira.

Jambo jingine dogo ambalo wengi hulidharau ni bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo. Lazima liwe pana, lishuke moja kwa moja, na liingie juu ya usawa wa oili kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Likikunjwa, oili inajaa ndani ya turbo, inapenya kwenye sili, gari linatoa moshi wa bluu, na turbo nzima inatupwa kama mbovu.

Ukishafunga, badilisha oili mapema kuliko ulivyozoea, na ukimaliza mlima usizime papo hapo. Iache injini ingurume dakika moja au mbili.

Ukitaka tukukague, lete gari asubuhi au lilaze kwetu usiku. Tunataka tuliwashe sisi likiwa baridi, tuuone moshi wake wa kwanza.