Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Vitabu Vyetu na Akili Unde

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi nina jambo moja, lile mliloniuliza mwaka mzima: kampuni ikifundishia programu zake za akili unde kwa vitabu vyetu bila ruhusa, imevunja hakimiliki?

Mwezi Juni, Jaji William Alsup wa California aliamua kesi ya waandishi dhidi ya Anthropic, kampuni ya akili unde ya Marekani. Kufundishia programu kwa vitabu, alisema, sheria ya Marekani inakuruhusu. Kujiwekea maktaba ya nakala za wizi, hapana. Kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, kama dola 3,000 kwa kila kitabu. Novemba, mahakama ya Munich, Ujerumani, ikashika njia nyingine katika kesi dhidi ya OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT: programu inayohifadhi maneno ya nyimbo na kuyatoa ikiombwa imeyanakili. Kwa hiyo anayewaambia suala hili limekwisha, msimwamini. Msimamo wangu ni uleule: mali ya mtu huombwa kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni fidia ile. Inahusu vitabu vilivyosajiliwa kwa wakati katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Sheria yetu ya hakimiliki ya Tanzania, ya mwaka 1999, inamlinda mwandishi tangu anapoandika, asajili asisajili, nasi tumeiegemea hiyo tukalala. Mwenzetu mmoja alinionyesha kwenye simu riwaya yake, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa mtandaoni bure. Mhuri wa maktaba unasomeka. Kwenye ukurasa mmoja kinaonekana kidole gumba cha aliyekuwa akikishikilia kitabu. Miaka sita ya kazi! Hata ingethibitika kwamba nakala hiyo iliingia kwenye mashine, katika fidia ya namna ile asingepata senti.

Halafu kuna mikataba. Mingi niliyoisoma mwaka huu inampa mchapishaji "haki zote za kielektroniki", bila kusema zaidi. Kwa maneno hayo manne anaweza kudai ana ruhusa ya kuiuza kazi yako kwa kampuni ya akili unde, na mrabaha wako usijulikane ulipo. Msisaini kabla kifungu hicho hakijafafanuliwa. Kazi zenu zisajilini COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na cheti mkitunze pamoja na mswada.

Kuanzia Januari, kamati itapitia mikataba ya wanachama kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Njooni nayo yote, hata ile ya zamani.

Mwenyekiti