Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: ndege wa miombo wahesabiwe kabla ya shoka

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Sikonge, Tabora. Mimi ni mrina asali, na leo sikuandikii kuhusu bei ya asali wala nta. Nakuandikia kuhusu ndege.

Tathmini ya misitu ya taifa, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 2015, ilituambia kwamba nchi ina hekta milioni 48.1 za misitu. Zaidi ya asilimia 90 ya hizo ni mapori ya miti iliyoachana kama haya yetu, mengi yakiwa miombo. Miti imepimwa unene na urefu. Lakini wataalamu wa ndege wakifunga safari, mara nyingi wanapanda Usambara, Uluguru au Udzungwa. Siwalaumu. Kule Udzungwa mwaka 1991 waliona miguu ya ajabu ndani ya chungu cha mboga, kumbe ni ya kwale ambaye sayansi ilikuwa haimjui! Huku kwetu baadhi ya ndege bado wanaitwa kwa jina la Richard Böhm, Mjerumani aliyekusanya ndege Unyamwezi miaka ya 1880. Tangu enzi zake wageni wa aina hiyo wamekuwa wa kuhesabu.

Tena miombo ina tabia ya kumdanganya mgeni. Niliwahi kumsindikiza mtaalamu mmoja aliyekuja kukagua pori kwa siku mbili. Tulitembea asubuhi nzima kimya, hata njiwa hakulia, naye akaandika kwamba ndege ni wachache. Angesubiri kidogo. Ndege wa miombo hutembea kwa makundi ya mchanganyiko: mmoja anachokonoa gome, mwingine anapekua majani, wa tatu anadaka wadudu waliokurupushwa na wenzake. Unaweza kukaa saa nzima usione kitu, halafu mti mmoja ukajaa ndege wa aina kumi, na dakika tano baadaye wamekwenda. Halafu kuna majira. Septemba na Oktoba miombo inachipua majani mekundu kabla ya mvua na viwavi wanajaa. Kuanzia Novemba wanafika wageni kutoka Ulaya na Asia, wakiwemo keremkerem, ambao kwa kweli nawachukia kwa sababu wanakula nyuki wangu. Anayehesabu Julai peke yake ameona nusu ya pori.

Na hao keremkerem nimelazimika kuwasamehe. Mlembe, yule ndege anayetuongoza hadi kwenye asali, halei makinda yake. Hutaga katika viota vya wengine wanaozaa mashimoni: keremkerem wadogo wa hapa hapa, vigogota, hudihudi. Utafiti uliofanywa kwa Wayao wa Niassa, Msumbiji, na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mrina asali akitoa mlio wa jadi wa kumwita mlembe, uwezekano wa kuonyeshwa nyuki unapanda kutoka asilimia 17 hadi 54. Wazee wetu hawakuhitaji asilimia, lakini nafurahi zimeandikwa. Sasa ukikata mti mkongwe wenye mapango, umemfukuza kigogota, na mlembe atataga wapi?

Na miti hiyo ndiyo inayokwenda. Mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni, mkaa unakula zaidi, na sisi wafuga nyuki hatuna mikono safi: mzinga wa gome lililobanduliwa mtini huua mti mzima. Kuna ndege mmoja mweusi, dume lake lina utosi mweupe, anayependa miombo mirefu iliyokomaa. Nilipokuwa kijana alikuwa jirani wa kambi yetu ya asali. Pori lile lilikatwa, likaota tena, leo kwa mbali linaonekana kijani kizuri. Yeye sijamwona tena pale.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni moja. Mpango wa uvunaji wa msitu wowote wa miombo, uwe wa serikali au wa kijiji, usipitishwe mpaka ndege wake wamehesabiwa kiangazi na masika. Wahesabuji wasitoke Arusha au Morogoro peke yao. Wapewe warina asali wa eneo husika na walipwe posho kama vibarua wengine, maana kuna watu huku wanaotambua ndege arobaini kwa sauti wakiwa wamefumba macho. Hesabu hiyo ndiyo itakayosema miti ipi yenye mapango isiguswe, na tuipake rangi kabla ya msumeno kufika.

Ukiamua kuja kujionea, njoo Oktoba, na uje na viatu vya kutembelea. Gari litaishia barabarani.

Wako mtiifu,
Mrina asali, Sikonge